Ufunguo wa Bi Kope

Jisogezeni. Aliye na kikombe akiweke chini, aliye na usingizi auweke mbali, maana hadithi yangu ina shimo mwishoni, na sitaki mtu atumbukie akiwa amelala. Mimi nitawafikisha ukingoni tu. Kuvuka mtavuka wenyewe.

Mnaona mji ule? Hamuuoni, kwa sababu ukungu umeshashuka. Ndivyo ulivyo mji wa Asuminini, juu kule kwenye vilima vya mikarafuu. Ukungu huja alasiri bila hodi na huondoka unapotaka wenyewe, na msimu wa kuanika karafuu mji mzima hunukia hata ndani ya ndoto za watu. Katika mji huo palikuwa na gari moja jeupe, la zamani, lenye uso mpana na taa mbili za mviringo. Watu walimwita Bi Kope. Gari, ndiyo, lakini ukisema "lile gari" mbele ya wanawake wa Asuminini, utarekebishwa.

Dereva wake alikuwa Bi Kazija, na alikuwa dereva kwa sababu. Asuminini biharusi hapelekwi kwa mume na dereva mwanamume. Akiendeshwa na mwanamume hukaa amefunikwa shela mpaka kifuani, kimya kama gunia la mchele. Lakini ndani ya Bi Kope, mlango ukishafungwa, Bi Kazija husema, "Funua uso, mwanangu. Hapa tupo wawili na njia." Basi biharusi hufunua. Mwengine hucheka mpaka wanja ukachuruzika. Mwengine hulia. Mwengine huuliza lile ambalo hakuthubutu kumwuliza mama yake. Yanayosemwa ndani ya Bi Kope hufia ndani ya Bi Kope, na Bi Kazija alikuwa amebeba kifuani maneno ya nusu ya wanawake wa mji bila kudondosha hata moja.

Na jina lile, Kope? Si mnajua kope ya juu ya jicho ikikucheza, watu husema utaonana na umpendaye? Sasa, gari likipanda kilima cha Mawemawe, pale juu kabisa ambapo biharusi huiona nyumba ya mumewe kwa mara ya kwanza, zile taa ndogo za dashibodi zilikuwa zikicheza. Zinawaka, zinafifia, zinawaka. "Kope zimecheza!" Bi Kazija hupiga kelele, na wanawake wanaofuata nyuma kwa miguu hujibu kwa vigelegele. Biharusi ambaye kope zilimchezea alihesabiwa mwenye bahati. Alaa, unacheka wewe uliyeegemea nguzo? Subiri.

Bi Kazija hakuzaa, ila alikuwa na mabinti watatu wa marehemu dada yake, Bi Zamzam, na wote watatu walikuwa na vipaji vyao.

Mkubwa, Thuwaiba, alikuwa mpiga tari. Sikio lake halikuwa sikio, lilikuwa mtego. Alikuwa akisikia mchi ukitwanga nyumba ya tatu, akakwambia kinu kina ufa. Mdomo nao haukuwa nyuma.

Wa kati, Shinuna, alikuwa mtengeneza marashi na udi, kazi aliyorithi kwa mama yake. Angeweza kunusa kanga iliyokunjwa sandukuni na kukwambia ilivaliwa mwisho msibani au harusini. Huyu alikuwa mpole, na machozi yake yalikaa karibu.

Mdogo, Nunuu, alikuwa mchora hina na piko. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, vyeusi nchani kwa rangi isiyotoka, na alichora maua kwenye nyayo za maharusi huku akiangalia dirishani. Maneno yake ungeweza kuyafunga kwenye ncha ya mtandio na fundo lisionekane.

Wote watatu walikuwa wamejifunza kuendesha kwa Bi Kope, kwenye viwanja vya kuanikia karafuu, na wote watatu waliutaka ule ufunguo. Hawakusema. Lakini Bi Kazija aliona jinsi macho yao yalivyoufuata ukining'inia kiunoni mwake.

Na hilo ndilo karibu jambo pekee alilokuwa akiliona sawasawa, kwa sababu mtoto wa jicho alikuwa amemwingia. Dunia yake ilikuwa imegeuka maziwa. Hakumwambia mtu. Aliijua njia kama anavyoujua uso wa dada yake, na alisema moyoni, ukungu wa jicho na ukungu wa mlima ni ndugu, watanipitisha.

Hawakumpitisha. Siku moja, akiwa na biharusi ndani, kope zilicheza kilimani kama kawaida, vigelegele vikapigwa, kisha taa zikafumba na hazikufumbua. Mshale wa joto ukalala chini kama kwamba injini ni baridi. Kilima kile humchemsha, na kawaida mshale ukipanda Bi Kazija husimama akampoza; safari hii akaendelea kukanyaga mafuta, roho yake imetulia, mpaka moshi ukafuka mbele na Bi Kope akachemsha na kusimama. Biharusi yule aliteremka akamaliza njia kwa miguu, shela usoni, vumbi mpaka magotini, kiatu kimoja mkononi. Nawaambia, aibu ile ilisikika mpaka mji wa bondeni.

"Mshale ulilala," Bi Kazija aliwaambia wanawake wenzake.

"Au hukuuona?" mmoja akamwuliza, taratibu, na taratibu ile ndiyo iliyomchoma. Kwa sababu hata yeye mwenyewe hakujua. Alilala na swali lile, akaamka nalo. Ni gari lililofumba, au ni mimi?

Wakubwa wa mji wakakaa, wakakata shauri. Ijumaa inayokuja alikuwa anaolewa Ruzuna. Kama Bi Kope hajapona mpaka hapo, litakodiwa gari bondeni pamoja na dereva wake, mwanamume na masharubu yake, na kuanzia hapo maharusi wa Asuminini watakwenda wamefunikwa kama wa kwengine.

Ruzuna mwenyewe alimjia Bi Kazija, akakaa mkekani karibu naye, akawa anavuta uzi wa mkeka.

"Bibi, mimi nina neno moja. Nimelihifadhi kwa ajili ya mle garini. Kwa mama sikuweza kulisema, kwa somo wangu aliyenifunda sikuweza."

"Basi liseme hapa."

"Hapa halitoki. Nimejaribu." Akauvuta uzi mpaka ukakatika. "Nikifika kwa mume nalo, litanikaa rohoni maisha."

Bi Kazija alimshika mkono. Akaona haya, akaona huruma, na akaona kwamba siku zake za kushika usukani zimekwisha, mgonjwa awe gari au awe yeye. Siku hiyohiyo akawaita wale mabinti watatu.

"Mponyeni Bi Kope kabla ya Ijumaa," aliwaambia. "Atakayemponya, namkabidhi ufunguo mbele ya biharusi, na ukishatoka mkononi mwangu haurudi." Masikini, alidhani ataponya mmoja.

Fundi wa mji, Mbarouk, alikuwa amekwisha kufanya yake, na aliyafanya vizuri. Alisafisha vichwa vya betri, akabadilisha fyuzi na globu, akaipima alteneta akaikuta nzima. Akafuta mikono. "Ugonjwa uko nyuma ya uso wake," alisema. "Na uso huu siubandui. Plastiki ya miaka yote hii itavunjika kama biskuti, na nyengine haipatikani. Mimi mkono wangu ndio huu." Akauonyesha. Ulikuwa mkono wa kunyanyulia injini, si wa kupenya vichochoroni.

Alasiri moja, ukungu umeshatanda uwanjani, Thuwaiba akaingia ndani ya gari, akaweka kiganja juu ya dashibodi kama anavyokiweka juu ya ngozi ya tari. "Khalati," alimwambia Bi Kazija aliyeshika usukani, maana ndivyo walivyomwita dada wa mama yao, "washa. Pandisha mafuta. Teremsha." Injini ikaunguruma, ikatulia, ikaunguruma. Taa za dashibodi zilitulia tuli. "Zima injini, acha taa." Kisha akawaita wanawake waliokuwa wakigeuza karafuu. "Jamani, msukeni! Kama mnambembeleza mtoto." Wakamshika Bi Kope mbavuni, wakamsukasuka. Taa zikacheza. Wakaacha, zikatulia. Wakasukasuka, zikacheza.

"Zimecheza kweli?" Bi Kazija aliuliza kwa sauti ndogo. "Au ni jicho langu?"

"Zimecheza, Khalati. Hata aliye nje kaziona." Thuwaiba akagonga dashibodi kwa vidole, ta-ta-tum. "Zingekuwa zinaumwa na injini, zingeicheza ngoma ya injini. Hizi zinacheza ngoma ya njia. Pale kilimani pana mawe, ndiyo maana zinacheza pale. Humu ndani kuna kitu kimelegea, na kikilegea zaidi taa zinafumba na mshale unalala. Siku ile ulilala kweli. Wewe hukukosea."

Bi Kazija aliinamisha kichwa juu ya usukani. Hakuna aliyejua alichokuwa amebeba. Alishusha pumzi iliyokuwa imemkaa tangu siku ya vumbi.

Lakini kimelegea wapi? Nyuma ya dashibodi kuna nyaya kama mkeka uliofumuka, na Mbarouk alisema ukianza kuzivuta moja moja utavunja nzima kabla ya kuifikia mbovu.

Siku ya pili ikawa zamu ya Shinuna. Alioga kwa maji matupu, hakujitia hata tone la mafuta mazuri. Akamwomba kila mtu asogee mbali, akafunga vioo vyote, akaziwasha taa na kuziacha mpaka uso wa Bi Kope ukapata uvuguvugu. Nje, Bi Kazija aliona kivuli chake tu kikienda taratibu kutoka kulia kwenda kushoto. Shinuna alinusa vumbi. Akanusa petroli, na viti vya zamani, na karafuu iliyokuwa imeingia kila mahali. Akaupita usukani. Alipofika upande wa kushoto, juu ya kile kisahani cha majivu ambacho hakuna aliyewahi kukitilia majivu, akasimama.

Alikaa hapo muda mrefu. Kisha akafungua mlango, na uso wake ulikuwa umelowa.

"Ni mama," alisema. "Khalati, mama yumo humu."

Msiniangalie hivyo, sijasema jini. Sikilizeni. Asuminini, biharusi kabla hajapanda, gari hunyunyizwa marashi kwa mrashi wenye shingo ndefu: vitini, sakafuni, na hasa juu ya dashibodi, mpaka yachuruzike. Ndiyo heshima. Miaka na miaka alinyunyiza Bi Zamzam, alipokufa akashika Shinuna. Na marashi ya Bi Zamzam hayakuwa waridi tupu. Alitia mrehani na kitu cha tatu alichokwenda nacho kaburini. Shinuna alikuwa amejaribu kukipata kwa miaka, asikipate. Sasa alikuwa amekinusa nyuma ya dashibodi, kimechanganyika na harufu ya shaba inayopata moto.

"Pana ufa juu hapa," alisema, akifuta macho kwa mkono. "Marashi yanapita, yanadondokea pahala pamoja. Pale ndipo palipooza. Yeye kaanza, mimi nikaendeleza. Tumempamba mpaka tumemuuguza, Khalati."

Bi Kazija aliingia garini akainamisha uso pale pale, kushoto, juu ya kisahani. Mwanzo hakunusa kitu. Halafu akanusa. Akamlilia dada yake upya, na hakuona haya kulia.

Kujua kwamba kimelegea, wamejua. Kujua wapi, wamejua. Bi Kope bado alikuwa mgonjwa.

Ikabaki Nunuu. Alimwomba Mbarouk afungue kichwa kimoja cha betri ili umeme usimrukie. Akakichomoa kile kisahani, na nyuma yake palikuwa na tundu la kupitisha kikombe cha kahawa, si zaidi. Akavua bangili. Akapitisha vidole, akapitisha kiganja, akapitisha kifundo cha mkono, na hapo akafumba macho. Mkono wa kushoto aliuweka gotini, ukawa unachora kwenye kanga yake kile ambacho wa kulia unakigusa: uzi huu unakwenda juu, huu unazunguka, hizi zimefungwa fungu. Bi Kazija alikuwa amekaa ubavuni mwake, akivitazama vile vidole vikichora mti ambao hakuna aliyeuona.

"Hapa," Nunuu alisema. "Nyaya nyingi zimekuja kushikwa na nati moja kwenye chuma cha bodi. Ina ukoko. Inazunguka kwa kidole."

"Ndiyo hiyo," alisema Mbarouk. "Umeme wote wa usoni unarudi kupitia hapo."

Nunuu akazungusha kipande cha msasa kwenye kidole, akaanza kuusugua ule ukoko, kwa kupapasa, kidogo kidogo, mpaka ukungu ukashuka tena na wanawake wakarudi kukusanya karafuu zao. Chuma kilimchana. Alipoutoa mkono kupumzika ulikuwa na damu, na unga wa kijani, na ulinukia Bi Zamzam waziwazi, kama kwamba amepita sasa hivi na kwenda jikoni. Akamwekea Bi Kazija ule mkono karibu na uso. Kisha akaurudisha tunduni pamoja na spana ndogo.

"Khalati," alisema. "Nikiikaza nusu, pengine mshale utasimama, na kilimani kope zitaendelea kucheza. Nikiikaza yote, hazitacheza tena. Unataka ipi?"

Nawaambia kweli, Bi Kazija alitaka kusema, bakiza. Alilitaka neno hilo kwa moyo wake wote. Ile kope ilikuwa bahati ya mji, na sasa alikuwa amejua ni mkono wa dada yake uliokuwa ukiwakonyeza maharusi miaka yote hiyo kutoka ng'ambo. Nani angependa kuufumba? Lakini akakumbuka kiatu kimoja mkononi, na vumbi mpaka magotini. Akamkumbuka Ruzuna akivuta uzi.

"Kaza, mwanangu," alisema. "Kaza mpaka ikatae."

Nunuu akakaza mpaka ikakataa.

Magharibi ile walipanda Mawemawe wote wanne, Thuwaiba ameshika usukani kwenda, Shinuna na Nunuu wakagawana kurudi, ili mtu asije akasema mmoja alipendelewa. Juu ya mawe Bi Kope aliruka na kutikisika. Taa zake zilitulia, kijani na njano, kama taa za nyumba ambayo wenyewe wamerudi. Mshale ulisimama pale pale. Hakuna aliyepiga kigelegele. Bi Kazija alitazama zile nukta za mwanga ndani ya maziwa ya macho yake. Alifurahi, na furaha ile ilimuuma.

Ijumaa ikafika. Ruzuna alikuwa ameketi ndani, shela limeshuka, mikono na miguu imejaa maua ya Nunuu. Marashi safari hii Shinuna aliyanyunyiza vitini na sakafuni tu. Tari ya Thuwaiba ilinyamaza. Bi Kazija akaufungua ufunguo kiunoni, akasimama nao mbele ya wale watatu, mji mzima umemzunguka.

"Bila mimi," alisema Thuwaiba, "mngekuwa mnabadilisha alteneta mpaka leo. Na mngeendelea kumnong'ona Khalati kwamba haoni."

"Bila mimi," alisema Shinuna, polepole, "mngejua kimelegea, mngebaki kukitafuta. Najua mkono wangu umo katika ugonjwa. Lakini aliyemtambua mama ni nani?"

Nunuu aliutazama mkono wake uliofungwa kitambaa. "Kujua siko kukaza," alisema, na hapo akawa amemaliza hotuba yake ya mwaka.

Wanawake wakaanza kunong'ona, huyu hivi, yule vile. Mmoja akapaza sauti, "Si waushike kwa zamu? Mafiga matatu ndiyo huinjika chungu!" Wengi wakaitikia. Lakini Bi Kazija alitikisa kichwa. Chungu huinjikwa na matatu, kweli. Lakini hata kwa zamu, neno likivuja hakuna atakayejua limetoka kwa nani; siri ya biharusi haikai vifua vitatu. Ikikaa vitatu, imeshakuwa habari. Anayeshika usukani ni mmoja, anayesikia ni mmoja, na ukishatoka mkononi ufunguo haurudi. Ndivyo alivyosema, na mbele ya watu.

Akawatazama. Hakuziona sura zao sawasawa, aliona vivuli vitatu tu ndani ya ukungu. Mmoja alikuwa amemrudishia heshima yake. Mmoja alikuwa amemrudishia dada yake, na huyohuyo ndiye aliyeuendeleza ugonjwa. Mmoja alikuwa amemwaga damu, akaliponya gari, na akaifumba kope kwa sababu yeye Bi Kazija alimwambia afumbe. Na kila mmoja, bila wenzake wawili, asingeponya kitu.

Ndani ya gari Ruzuna akagonga kioo kidogo kwa pete.

"Bibi," sauti ilitoka chini ya shela, "ni nani? Neno langu limeshafika kooni."

Bi Kazija akanyoosha mkono wenye ufunguo, akaupeleka mbele, kwenye ukungu.

Mimi njia yangu imeishia hapa, na lile shimo nililowaahidi ndilo hili. Mkono bado umenyooka na biharusi anangoja. Wewe uliyeegemea nguzo, uliyecheka mwanzo, anza wewe: ungekuwa ndiye Bi Kazija, ungemkabidhi nani ule ufunguo?